Perege wangu ametema visamaki: je, anakula watoto wake?

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, nipo Songea vijijini, tuna bwawa moja la perege tulilochimba mwaka juzi. Jumamosi iliyopita tulivuta kimia tupate kitoweo. Nikamshika jike mmoja mkononi, akatapatapa, mara akaanza kutema visamaki, wengi, kama hamsini hivi, wengine wakiwa na kitu cha njano tumboni. Nilipiga kelele. Mume wangu anasema perege hawa wanakula watoto wao, ndiyo maana mwaka wa pili huu hatuvuni samaki wa maana, na anataka tukaushe bwawa tutafute mbegu nyingine. Mimi roho inasita, maana visamaki vile vilikuwa hai. Je, ni kweli perege anakula watoto wake? Kama hawali, mdomoni wanafanya nini? Na ni huyu tu, au kuna wanyama wengine wa namna hii?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla bwawa halijakaushwa. Yule jike hakuwa anakula watoto wake, alikuwa anawaatamia. Kuku huatamia kiotani. Perege jike huatamia mdomoni. Ulimkamata katikati ya kazi hiyo, akakosa maji ya kupumua, akawaachia.

Ushahidi umeuleta mwenyewe: kile kitu cha njano tumboni. Kile ni kiini cha yai, akiba ya chakula ambayo kifaranga huanguliwa nayo. Kifaranga mwenye kiini kikubwa hawezi kuogelea. Tumbo linamlemea, hulala chini akitikisa mkia tu. Kama yule mama angekuwa anawinda vifaranga bwawani, angekuwa amemeza waliokwisha kuanza kuogelea, na ungewakuta tumboni wamekufa, si mdomoni wakiwa wazima. Wale wenye kiini uliowaona hawakuwa wamewahi kutoka nje tangu walipokuwa mayai.

Mambo huanza kwa dume. Siku mkipunguza maji, tazama sakafu ya bwawa karibu na kingo. Mtaona mashimo ya mviringo, mapana lakini yasiyo na kina kirefu, mfano wa sahani kubwa zilizokandamizwa kwenye tope. Dume huyachimba kwa mdomo, anachota tope na kulitema pembeni, kisha analinda shimo lake kwa ukali. Jike aliyeiva akija, hutaga mayai kidogo kidogo, dume huyamwagia mbegu za kiume, na jike hugeuka akayaokota yote mdomoni. Akimaliza huondoka zake. Dume haendi naye. Hubaki shimoni kumsubiri jike mwingine.

Mayai hufuata ukubwa wa mama. Jike wa gramu 100 hutaga kama mayai 100. Jike wa gramu 600 hadi kilo moja huweza kutaga 1,000 mpaka 1,500. Wewe umehesabu kama hamsini. Hata tukisema wachache walidondokea majini kabla hujawaona, bado hiyo hamsini inanieleza jambo kuhusu bwawa lako, na nitalirudia mbele.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimweka jike mmoja kwenye tangi la kioo mezani kwangu, nikaazimia kumtazama kila siku. Alikuwa na urefu wa kiganja. Kidevu chake kilikuwa kimeshuka na kuvimba, kama mtu aliyejaza maji mdomoni asiyameze. Kila baada ya muda mfupi taya lilicheza, mashavu yakatanuka, na alipofunua midomo kidogo niliyaona mayai yakipinduka ndani, rangi ya njano iliyokolea, kila moja kama punje ya uwele. Mtu asiyejua angeapa kwamba anatafuna. Nilidondosha pumba mbele ya pua yake. Zikashuka taratibu, zikampita, zikatua chini, hakuzigusa. Siku ya 3 kila punje ilikuwa na vidoti viwili vyeusi: macho. Siku chache baadaye wakaanguliwa, naye akaendelea kuwafungia. Asubuhi ya siku ya 11 nikawakuta nje, wingu dogo la kijivu mbele ya uso wake. Nikapitisha mkono juu ya tangi, kivuli kikaanguka majini. Akafungua mdomo, wingu lote likaingia. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Kwa hiyo kazi nzima, kuanzia kutaga hadi kuwaachia, huchukua wiki moja hadi mbili kutegemea joto la maji. Huko kwenu nyanda za juu, maji yakipoa Juni na Julai, mambo huenda polepole, na baridi ikizidi uzazi husimama kabisa. Muda wote huo mama hali, au hula kidogo mno. Na hata baada ya vifaranga kuanza kutoka, kwa siku kadhaa hurudi mdomoni wakiona hatari.

Kule "kutafuna" ndiko hasa kunakowaweka hai. Yai la perege likilala mahali pamoja hukosa hewa, huota ukungu, huoza. Lazima ligeuzwe na maji mapya yalipitie. Watu wanaototolesha vifaranga vya kuuza hulijua hili vizuri: huyakusanya mayai kutoka midomoni mwa majike na kuyatia kwenye chupa maalumu ambazo maji huingia kwa chini, ili mayai yabingirike usiku na mchana. Tumejenga mashine kuigiza kidevu cha perege.

Kwa nini mdomo? Fikiria bwawa au ziwa lilivyo kwa yai. Chini kuna tope linalofukia, pembeni kuna kila aina ya mlaji, na hewa chini ni haba. Samaki wana njia mbili za kukabili hali hiyo. Kambare hutaga makumi ya maelfu ya mayai madogo kwenye majani yaliyofurika wakati wa mvua, kisha huondoka. Wengi wataliwa, wachache watabaki. Perege hutaga machache, makubwa, yenye akiba nene ya kiini, na hayaachi. Anachokosa kwa idadi anakipata kwa ulinzi.

Njia hii ya "wachache lakini wabebwe" ikifika mwisho kabisa unampata mbung'o. Wewe wa Ruvuma unamjua vizuri, na ng'ombe wenu wanamjua zaidi. Nzi wengine hutaga mayai mamia. Mbung'o jike hubeba yai moja tu kwa wakati mmoja. Linaanguliwa ndani ya tumbo lake, buu linanyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu, na baada ya siku 9 au 10 analizaa likiwa na uzito unaokaribiana na wake mwenyewe. Buu hujichimbia ardhini, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o mzima. Katika maisha yake yote hupata watoto 8 hadi 10. Ndiyo maana mitego inayoua majike wachache kila siku inaweza kuwapunguza sana: hawana uwezo wa kufidia haraka.

Turudi kwenye midomo, maana huko kwenu mmekaa karibu na mahali ambapo ufundi huu umestawi kuliko popote. Shuka kutoka Songea hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Wale samaki wadogo wa rangi kali wanaokaa kwenye miamba, mbuna, majike wao nao huatamia mdomoni. Dume la mbuna lina madoa ya njano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike huokota mayai yake upesi hata kabla hayajarutubishwa, kisha huyafuata yale madoa mdomo wazi kana kwamba ni mayai yaliyobaki. Hapo dume humwaga mbegu, na mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo. Furu wa Ziwa Victoria wana madoa hayohayo, na huatamia vivyo hivyo.

Si lazima awe mama. Kuna ndugu wa perege kwenye pwani ya Afrika Magharibi ambaye dume ndiye anayebeba mayai mdomoni. Na kwenye nyasi za bahari za pwani yetu wako farasi bahari, ambao dume hupokea mayai kwenye mfuko wa tumboni, huwabeba wiki kadhaa, na uchungu wa kuzaa huupata yeye.

Lakini mdomo ukiwa nyumba, kuna mwizi wa kuingia. Ziwa Tanganyika kuna samaki mmoja wa jamii ya gogogo, mwenye madoadoa meusi, ambaye mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato alieleza tabia yake mpaka wengi wakashangaa. Samaki wanaoatamia mdomoni wanapotaga, gogogo hawa hujipenyeza kwa kasi katikati yao, hula baadhi ya mayai na kuacha ya kwao. Mama, kwa haraka ya kuokoa mayai yake, huokota yote pamoja. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema. Vifaranga vyake vikimaliza kiini chao, huanza kula watoto wa mwenye nyumba humohumo mdomoni. Mama anaendelea kufunga kula, anaendelea kugeuzageuza, na siku ya kufungua mdomo wanatoka watoto wasio wake. Habari hii huwa inaniuma, mdogo wangu. Hapo ndipo pana kuliwa kwa kweli, na mama mwenyewe hahusiki.

Shemeji asione haya kwa kudhani alivyodhani. Watu wazima wenye macho makali wamedanganywa na mamba vilevile. Kwa miaka mingi walioshuhudia mamba jike akiwa na vitoto midomoni walisimulia kwamba anawala. Katika miaka ya 1970 Anthony Pooley, mtafiti wa Afrika Kusini, aliwatazama mamba kwa subira na kueleza kinachotokea. Mama hulinda shimo la mayai alilolifukia kwa mchanga karibu miezi mitatu. Vitoto vikiwa tayari hulia vikiwa ndani ya mayai, na sauti hupenya mchanga. Mama hufukua, huwaokota mmojammoja kwa yale meno yanayovunja mfupa wa nyati, huwaweka kwenye sakafu ya mdomo inayolegea kama mfuko, na kuwapeleka majini. Yai lililogoma kupasuka hulibingirisha kati ya ulimi na kaakaa mpaka ganda likaachia.

Nge naye amesingiziwa, ila yeye amesingiziwa kinyume. Nimesikia tangu utotoni kwamba watoto wa nge humla mama yao mgongoni mpaka akafa. Nge hazai mayai. Huzaa watoto hai, weupe, laini, na wakizaliwa hupanda mgongoni kwake na kujazana pale kama abiria. Hukaa mpaka wajivue gamba la kwanza, kisha hushuka kila mmoja akaenda kutafuta maisha. Ukikuta ganda tupu la nge na vitoto karibu, mara nyingi ni ngozi tu iliyovuliwa.

Yupo pia aliyemeza kweli. Queensland, Australia, palikuwa na chura aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 1973, mkaaji wa vijito vya msituni. Jike alimeza mayai yake yaliyorutubishwa, yakashuka mpaka tumboni, tumbo lilelile la kusaga chakula. Mayai na viluwiluwi vilitoa kemikali iliyozima asidi ya tumbo. Kwa wiki sita au saba mama hakula chochote. Tumbo lilitanuka mpaka likabana mapafu, akawa anapumua kwa ngozi. Mwishoni alifungua kinywa na kuwatapika vyura wadogo waliokamilika, wenye miguu minne. Nasema "palikuwa" kwa sababu hayupo tena. Msituni alionekana mara ya mwisho mwaka 1981, na wa mwisho kufugwa alikufa 1983. Ndugu yake mmoja aligunduliwa 1984 na kutoweka mwaka uliofuata. Madaktari walikuwa wameanza kumchunguza wakitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Miaka kumi tu tangu tumjue, akapotea na siri yake.

Tanzania ilikaribia sana kupoteza wa kwetu. Kwenye poromoko la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kuna chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa kabisa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini na hana viluwiluwi. Mayai hukua ndani ya mama kwa kiini chao, na anazaa vyura kamili wenye urefu wa milimita 5 hivi. Mtoto anaweza kukaa juu ya kichwa cha kiberiti. Aligunduliwa mwaka 1996, eneo lake lote likiwa kama hekta 2 zilizokuwa zikilowa kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalichepushwa kuzalisha umeme, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani kulelewa kwenye bustani za wanyama. Kihansi yenyewe wakaisha. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni, ambako mabomba yamewekwa kunyunyiza maji mahali pa yale manyunyu. Mnyama anayebeba watoto wachache kwa uangalifu mkubwa hutegemea mahali pake pasiguswe. Perege ana bahati, kwa sababu yeye huishi karibu kila mahali.

Umeuliza kama wapo wengine, nami siwezi kumruka wa milima ya Taita, Kenya. Huyu ni wa ukoo mmoja na vyura, lakini hana miguu. Anaishi ardhini, hata kwenye mashamba, na mkulima akimfukua kwa jembe humdhania nyungunyungu mkubwa. Mama hutaga mayai kwenye kishimo udongoni na kujiviringisha kuyazunguka. Watoto wakianguliwa hawana chakula, na mama hawaletei chakula. Chakula ni yeye. Ngozi yake ya juu hunenepa na kujaa mafuta, hata rangi yake hupauka. Watoto huzaliwa na meno maalumu yasiyofanana na ya wakubwa, meno ya kubandua. Wanamtambaa mwili mzima, wanabandua ile ngozi ya juu vipande vipande na kuimeza, huku mama ametulia. Ikiisha wanapumzika. Baada ya siku tatu hivi ngozi nyingine imekuwa tayari, wanaanza tena.

Alexander Kupfer na wenzake walipochapisha uchunguzi huu mwaka 2006, walikuwa wamepima: kwa wiki moja mama alipungua uzito kwa asilimia 14, na watoto wakarefuka. Hafi, hachubuki damu. Maziwa ya mnyama huyu ni ngozi, na nikiifikiria sioni tofauti kubwa na mama binadamu anayekonda akinyonyesha mapacha. Kwa hiyo ukitaka mnyama ambaye kula na kulea ni kitu kimoja, ni huyu. Perege wako siye.

Sasa bwawa lako. Nikuambie ukweli wote, kwa sababu shemeji ana sehemu ya haki. Perege huweza kula vifaranga. Mama aliyesumbuliwa sana, hasa kama anazaa kwa mara ya kwanza, wakati mwingine humeza mayai yake. Na vifaranga waliotangulia, wakubwa kidogo, huwala wadogo waliochelewa. Lakini hilo silo linalowanyima mavuno. Bwawa lenu lina shida ya upande wa pili: watoto wanapona wengi mno.

Kumbuka ile hamsini. Jike mwenye vifaranga hamsini ni jike mdogo, pengine hajafika gramu 100. Perege akiwa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi 5 au 6, na baada ya hapo maji yakiwa na joto hurudia kila baada ya wiki chache. Mliweka mbegu mchanganyiko, madume na majike. Walipokomaa wakazaa, watoto wao wakazaa, na chakula mnachotupa kilekile kikawa cha midomo maelfu. Wote wakadumaa. Jike naye, badala ya kutumia chakula kujenga nyama, anakitumia kutengeneza mayai, kisha anafunga kula wiki nzima au mbili. Ndiyo maana dume hukua haraka kuliko jike. Mkikausha na kuweka tena mbegu za namna ileile, mwakani mtaniandikia swali hilihili.

Ninachowashauri ni kulichambua bwawa. Vuteni kimia asubuhi na mapema kabla jua halijawaka, mtenge wakubwa. Samaki akifika gramu 30 hivi jinsia inaonekana. Mgeuze tumbo juu, tazama nyuma ya mkundu kuelekea mkiani. Ukijumlisha na ule mkundu, dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Mwanzoni ni vigumu, ila ukipaka tone la wino pale, tundu la tatu la jike linajitokeza kama mstari mfupi wa kukingama. Baada ya samaki ishirini mkono unazoea. Madume warudishwe bwawani, 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba, wasizidi. Majike wengi wawe kitoweo na cha kuuza. Bakiza wachache wakubwa kwenye kidimbwi cha pembeni wakupe mbegu yako mwenyewe. Ama nunueni vifaranga madume watupu kwa mtototoleshaji mnayemwamini. Njia nyingine ni kuongeza kambare wachache, lakini perege wa kwanza wawe wamekua kuliko mdomo wa kambare. Yeye atakula vifaranga vinavyozidi, nawe utavuna wote wawili.

Wakati wa kuvuta, ukimwona jike mwenye kidevu kilichovimba asimtoe mtu kwenye maji. Kama ameshatema, chota maji ya bwawa kwenye beseni pana, liweke kivulini, mtie yeye na watoto pamoja, ondokeni wote muwaache. Akitulia, mara nyingine huwaokota tena. Wenye kiini tumboni wakibaki bila mama wape maji yanayotembea na wasiguswe. Wale wanaoogelea unaweza kuwaachia ukingoni penye majani.

Na yule uliyemshika Jumamosi, kama bado yumo, utamjua. Kichwa kitaonekana kikubwa, mwili umekonda nyuma yake, mgongo mwembamba kama kisu. Jioni mpelekee pumba na dagaa waliosagwa, utupie karibu na ukingo ule alikokuwa. Hajala siku nyingi.